Pedali ya distoshoni kwa bei nafuu: Chunguza amplifaya kwanza

KATIKA mtaa wa Rhonda, magharibi mwa Nakuru, gitaa la umeme husikika zaidi siku ya Jumapili, wakati waumini wa makanisa madogo yaliyosongamana baina ya nyumba za kupanga wanapoanza ibada. Siku nyingine, vijana hufanya mazoezi vyumbani kwa amplifaya ndogo, na wachache wao hubahatika kualikwa kupiga muziki katika harusi, hafla za kisiasa na maeneo ya burudani katikati ya mji huo, uliopandishwa hadhi kuwa jiji mnamo Desemba 1, 2021.

Wengi wa wapiga gitaa hao hatimaye hutamani kuongeza kifaa kimoja: pedali ya distoshoni, yaani kile kisanduku kidogo kinachokanyagwa kwa mguu ili sauti nyororo ya gitaa igeuke kuwa nzito na yenye mkwaruzo. Kwa mtu anayeishi kwa vibarua, pesa za kununua kifaa hicho huwekwa kando kidogo kidogo kwa miezi. Akikosea kuchagua, hana pa kuirejesha, na mara nyingi hulazimika kuiuza kwa hasara.

Aghalabu pedali iliyonunuliwa huwa haina kasoro yoyote. Tatizo huwa kwamba haioani na amplifaya ambayo itachomekwa. Pedali iliyosifiwa na mpiga gitaa wa London au Chicago ilisikika vyema kwa sababu ya mtambo uliokuwa nyuma yake. Ikiletwa Nakuru na kuunganishwa na spika za kanisa, yaweza kutoa sauti inayoumiza masikio. Kwa hivyo, anayetaka kununua kwa bei nafuu hana budi kuanza kwa kuichunguza amplifaya aliyo nayo, kisha ndipo atafute pedali.

Chanzo cha mkwaruzo

Sauti hii ilianza kama hitilafu. Mnamo 1951, jijini Memphis nchini Marekani, wimbo "Rocket 88" ulirekodiwa kwa amplifaya iliyokuwa imeharibika, na mkwaruzo wake ukawapendeza wasikilizaji. Mwaka 1961 ulitoka wimbo wa Marty Robbins, "Don't Worry", ambao hitilafu katika mitambo ya studio mjini Nashville iliupa sauti ya mngurumo ambayo haikuwa imekusudiwa. Mwaka uliofuata, 1962, kifaa kilichoitwa Maestro Fuzz-Tone kilianza kuuzwa ili kuiga hitilafu ya aina hiyo. Mnamo 1964, Dave Davies wa bendi ya The Kinks nchini Uingereza aliichanja spika yake kwa wembe ili apate mkwaruzo alioutaka. Mwaka 1965, Keith Richards wa Rolling Stones aliitumia Fuzz-Tone katika wimbo "Satisfaction", na tangu hapo kifaa hicho kikapata umaarufu duniani.

Barani Afrika, sauti hiyo ilishika mizizi hasa nchini Zambia katika miaka ya 1970. Bendi kama WITCH na Amanaz, pamoja na mwanamuziki Paul Ngozi, ziliichanganya na midundo ya nyumbani na kuzaa mtindo unaojulikana kama Zamrock.

Nchini Kenya, gitaa la umeme lilifuata mkondo tofauti. Tangu enzi za Fundi Konde, aliyefariki mwaka 2000 na ambaye hutajwa miongoni mwa waanzilishi wa ala hiyo nchini, hadi kwa D.O. Misiani na Shirati Jazz, nyuzi zilipigwa kwa sauti safi, kila noti ikisikika peke yake. Benga na rumba hutegemea usafi huo. Anayepiga benga pekee huenda asihitaji distoshoni hata kidogo, na kufahamu hilo mapema ni njia mojawapo ya kuokoa pesa.

Jinsi pedali inavyofanya kazi

Gitaa hutoa umeme mdogo unaopanda na kushuka mithili ya mawimbi. Pedali huukuza umeme huo hadi vilele vya mawimbi vigonge ukomo na kukatwa. Vilele vinapokatwa, sauti mpya ambazo hazikuwamo awali huzaliwa, na hizo ndizo sikio huzitambua kama mkwaruzo. Fauka ya hayo, noti hudumu kwa muda mrefu zaidi kabla ya kufifia, kwa kuwa tofauti baina ya pigo kali na pigo dhaifu imepunguzwa.

Pedali hizi zimegawika katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni ovadraivu, ambayo hukata vilele kwa upole. Mpigaji akigusa nyuzi taratibu, sauti huwa karibu na safi. Akizipiga kwa nguvu, hukwaruza. Mfano unaojulikana sana ni Tube Screamer ya kampuni ya Ibanez, iliyotolewa mwishoni mwa miaka ya 1970.

Kundi la pili ni distoshoni yenyewe. Hii hukata vilele kwa ukali na kutoa mkwaruzo mzito ambao haubadiliki sana hata mpigaji apunguze nguvu. Boss DS-1, iliyoanza kuuzwa mwaka 1978, na ProCo RAT ya kipindi hicho hicho zimo katika kundi hili.

Kundi la tatu ni fazi, ambayo huyakata mawimbi hadi yakakaribia umbo la mraba. Sauti yake ni nene na yenye ukungu. Big Muff ya kampuni ya Electro-Harmonix, iliyoanza mwaka 1969, ndiyo maarufu zaidi miongoni mwa zile zinazokaribiana na kundi hili.

Takriban pedali zote hizi huwa na vidhibiti vitatu: cha kiwango cha mkwaruzo, ambacho huitwa gaini au draivu, cha toni, kinachoamua kama sauti itakuwa kali au ya kufifia, na cha voliumu, kinachoamua nguvu inayopelekwa kwenye amplifaya. Kidhibiti hiki cha tatu hupuuzwa na wanunuzi wengi, ilhali ndicho kinachoamua uhusiano wa pedali na amplifaya.

Amplifaya ndogo ya transista

Amplifaya nyingi za mazoezi ni za transista, zenye nguvu ya wati 10 hadi 30 na spika ya inchi 6 hadi 10. Faida yake ni kuwa nyepesi, za bei nafuu na zisizohitaji matunzo mengi. Dosari yake ni kwamba zikisukumwa kupita kiwango, transista hukata mawimbi ghafla na kutoa mlio mkavu usiopendeza.

Kwa amplifaya ya namna hii, pedali yenyewe ndiyo inayopaswa kufanya kazi yote ya kukwaruza. Mwenye amplifaya ndogo ya transista anashauriwa kutafuta distoshoni kamili, au ovadraivu yenye gaini ya kutosha, badala ya ovadraivu hafifu iliyokusudiwa kusukuma amplifaya nyingine ya aina tofauti. Chaneli safi ndiyo itumiwe, na voliumu ya pedali iwekwe mahali ambapo sauti ikiwa imewashwa inazidi kidogo tu ile iliyozimwa.

Ni muhimu pia kukumbuka kuwa spika ya inchi 6 haiwezi kutoa besi nzito, hata pedali iwe ya bei gani. Kuongeza besi kwenye pedali huifanya spika ndogo itetemeke na kufoka. Afadhali kuipunguza na kuziinua sauti za kati.

Hii haimaanishi kuwa transista ni ya kudharauliwa. Amplifaya ya Roland JC-120, inayotengenezwa tangu 1975, ni ya transista na huheshimiwa kote duniani kwa usafi wa sauti yake. Hata hivyo, usafi huo hauifichi dosari ya pedali: ikiwa pedali ni kali, ukali wote utasikika.

Kabla ya kutumia hata shilingi moja, mwenye amplifaya ndogo aangalie kama haina chaneli ya pili ya mkwaruzo. Nyingi huwa nayo, na kwa mazoezi ya chumbani inaweza kutosha kabisa.

Amplifaya ya valvu

Amplifaya ya valvu ni ghali na nzito, na si rahisi kuipata mtaani. Valvu zikisukumwa hukata mawimbi kwa upole, na ndiyo sababu hupendwa. Mwenye bahati ya kuwa nayo hahitaji pedali yenye mkwaruzo mwingi. Ovadraivu ya bei nafuu, gaini ikiwa chini na voliumu ikiwa juu, huzisukuma valvu zenyewe zikwaruze.

Aina ya amplifaya pia huleta tofauti. Zile za mtindo wa Fender huwa na besi na sauti kali za kutosha lakini sauti za kati zimepungua. Tube Screamer na nakala zake hupunguza besi na kuinua sauti za kati, hivyo hujaza pengo hilo. Zile za mtindo wa Marshall huwa tayari na sauti za kati nyingi, na hustahimili vyema distoshoni au fazi iliyozipunguza.

Tahadhari moja ni ya lazima. Ndani ya amplifaya ya valvu mna umeme wa mamia ya volti, na baadhi ya sehemu zake huendelea kuuhifadhi hata baada ya kuchomolewa ukutani. Si kifaa cha kufunguliwa na asiyekuwa na ujuzi.

Amplifaya ya kinanda na mikisa ya kanisa

Hapa ndipo wapiga gitaa wengi wa mitaa kama Rhonda hujikuta. Kanisani au ukumbini hakuna amplifaya ya gitaa. Kuna mikisa, amplifaya kubwa na spika mbili ndefu ambazo ni za maikrofoni na kinanda. Waya wa gitaa huchomekwa moja kwa moja humo.

Spika ya gitaa ina upekee wake. Haitoi vyema sauti kali zinazozidi takriban hetsi 5,000, na hivyo huchuja sehemu ya mkwaruzo inayokera. Spika za ukumbini zimeundwa kutoa kila kitu, hata sauti kali kabisa za matoazi. Distoshoni ikipitishwa humo bila kuchujwa husikika kama nyuki waliochokozwa mzingani. Hii ndiyo sababu ya malalamiko mengi dhidi ya pedali ambazo hazina hatia.

Kuna suluhisho tatu. La kwanza ni kuweka amplifaya ndogo ya gitaa jukwaani na kuisogezea maikrofoni karibu na spika yake. Njia hii haigharimu chochote pale ambapo vifaa vyote viwili vipo. La pili ni kununua kifaa cha mseto, kama vile vinavyotengenezwa na kampuni ya Zoom, chenye aina nyingi za mkwaruzo pamoja na programu ya kuiga spika ya gitaa. Kwa anayepiga kupitia mikisa kila wiki, kifaa kama hicho kilichotumika tayari huenda kikamfaa zaidi kuliko pedali mpya ya distoshoni. La tatu ni kutumia kisanduku cha kuunganisha gitaa na mikisa ambacho kina kichujio cha kuiga spika.

Asiye na uwezo wa lolote kati ya hayo anaweza kupunguza madhara kwa kuchagua ovadraivu ya upole, kuteremsha toni ya pedali karibu na mwisho na kuomba fundi wa mitambo apunguze sauti kali kwenye chaneli ya gitaa.

Jambo jingine ni kuwa tundu la kawaida la mikisa huunyonya umeme dhaifu wa gitaa, nalo likasikika kama limefunikwa kwa blanketi. Pedali za Boss hupitisha umeme katika kikuzaji kidogo hata zikiwa zimezimwa, na hivyo hulinda ukali wa gitaa. Zile ambazo zikizimwa hupitisha waya moja kwa moja hazitoi msaada huo.

Pedali zinazostahili kuzingatiwa

Boss DS-1 ni miongoni mwa pedali zilizouzwa kwa wingi zaidi duniani. Nchini Marekani, mpya huuzwa kwa chini ya dola 100. Ni imara, fundi wengi wa umeme wanaweza kuirekebisha, na ikitunzwa huuzika tena kwa urahisi. Kasoro yake ni ukali. Kwenye amplifaya yenye sauti ya kufifia hung'aa, lakini kwenye amplifaya kali toni lazima iteremshwe chini ya nusu.

Boss SD-1, ya mwaka 1981, ni ovadraivu. Hufaa nyimbo za sifa, blues na roki ya upole, na hufanya kazi nzuri mbele ya amplifaya ambayo tayari inakwaruza kidogo.

ProCo RAT inaweza kuanzia mkwaruzo mdogo hadi kukaribia fazi, jambo linaloifanya ioane na amplifaya nyingi. Mnunuzi afahamu kuwa kidhibiti chake kiitwacho Filter hufanya kazi kinyume na mazoea: kikizungushwa kulia, sauti hupungua ukali.

Boss MT-2, iliyotolewa mwaka 1991, ina mkwaruzo mwingi sana na vidhibiti kadhaa vya toni. Hununuliwa na wanaopenda roki nzito, na hulaumiwa mara nyingi kwa sababu mnunuzi huondoa sauti zote za kati. Anayeinunua sharti awe tayari kujifunza kuitumia.

Kwa wenye mfuko mwepesi zaidi, kampuni ya Behringer hutengeneza nakala za pedali maarufu na kuziuza aghalabu kwa nusu ya bei ya asili au chini yake. TO800 hufuata nyayo za Tube Screamer, na UM300 huiga MT-2. Sauti hukaribiana na ya asili, ila kasha ni la plastiki na halipendi kukanyagwa kwa nguvu. Kampuni ya Joyo kutoka China hutumia makasha ya chuma. Vintage Overdrive yake ni ya mkondo wa Tube Screamer, na Crunch Distortion huelekea sauti ya Marshall.

Vipedali vidogo vya ukubwa wa kiberiti vimeenea pia. Ni vya bei nafuu na hubebeka kwa urahisi, lakini vingi havina nafasi ya betri. Umeme ukipotea, navyo huzimika.

Gitaa na mtindo wa muziki

Vinasa sauti vya gitaa huchangia matokeo. Vinasa vya koili moja, kama vilivyo kwenye magitaa ya umbo la Stratocaster, hutoa sauti kali na hunasa mvumo wa nyaya za umeme. Distoshoni huukuza mvumo huo pamoja na muziki. Katika majengo ambayo nyaya za umeme zimetandazwa ovyo, gitaa la namna hii likiunganishwa na pedali yenye gaini nyingi laweza kuvuma kuliko linavyoimba. Vinasa vya koili mbili hupunguza tatizo hilo, na huwa na nguvu zaidi, hivyo huhitaji gaini ndogo.

Mtindo wa muziki nao uongoze uamuzi. Anayepiga nyimbo za sifa kanisani huhitaji ovadraivu inayoacha maneno ya waimbaji yasikike. Mpenzi wa roki nzito atahitaji distoshoni kamili. Mpigaji wa benga, rumba au reggae aweza kutumia pesa hizo kununua nyuzi mpya, waya bora au pedali ya mwangwi.

Umeme na betri

Karibu pedali zote hutumia umeme wa volti 9, ama kwa betri ya mraba au kwa adapta. Adapta nyingi za pedali huwa na ncha ya kati iliyo hasi, kinyume cha zile za redio na vifaa vingine vya nyumbani. Adapta ikigeuzwa, pedali inaweza kukataa kuwaka au hata kuungua. Alama inayoonyesha mpangilio huo huchorwa karibu na tundu, na mnunuzi anapaswa kuisoma kabla ya kuchomeka chochote.

Adapta duni huleta mvumo, na mara nyingi pedali hulaumiwa bure. Njia rahisi ya kutambua chanzo ni kuitumia pedali kwa betri: mvumo ukitoweka, kosa ni la adapta.

DS-1 na nyinginezo za muundo huo hula umeme mdogo, na betri moja yaweza kudumu kwa saa nyingi. Lakini katika pedali nyingi, betri huanza kutumika mara tu waya wa gitaa unapochomekwa kwenye tundu la kuingilia, hata kama pedali imezimwa. Anayeacha waya umechomekwa usiku kucha huipoteza nguvu ya betri bure.

Wanaonunua amplifaya zilizotoka ng'ambo wawe waangalifu. Umeme wa Kenya ni wa volti 240. Mashine zilizoundwa kwa soko la Marekani hutumia volti 120, na za Japani volti 100. Amplifaya kama hiyo ikichomekwa ukutani bila transfoma ya kupunguza nguvu itaungua papo hapo. Zilizotoka Uingereza hazina tatizo hilo.

Kununua na kujaribu

Baadhi ya vifaa hivi hupatikana Nakuru, lakini wengi hulazimika kuviagiza kutoka Nairobi, ambako barabara ya Luthuli inajulikana kwa maduka ya vifaa vya elektroniki. Anayeagiza kutoka nje ya nchi akumbuke kuwa bei iliyoonyeshwa si ya mwisho. Ushuru wa forodha, ada nyinginezo, kodi ya thamani ya ziada ya asilimia 16 na nauli vyaweza kuipandisha bei ya pedali nafuu hadi ikalingana na ya pedali bora iliyotumika inayouzwa nchini.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Pedali iliyotumika isinunuliwe kwa picha pekee. Mnunuzi aende na gitaa lake na waya wake, na ikiwezekana amplifaya yake au inayofanana nayo. Majaribio yafuatayo huchukua dakika chache tu.

Kwanza, avizungushe vidhibiti vyote polepole. Vikitoa sauti ya kukwaruza kama mchanga, vimechafuka au vimechakaa. Pili, aikanyage swichi mara nyingi mfululizo ili aone kama huwaka na kuzima bila kusita. Tatu, atikise waya kwenye matundu. Sauti ikikatika, tundu limelegea. Nne, afungue sehemu ya betri na kuangalia kama hakuna kutu iliyotokana na betri iliyovuja.

Baada ya hapo ndipo asikilize sauti yenyewe. Apige nyuzi kadhaa kwa pamoja na kusikiliza kama kila noti inatambulika. Apige noti moja na kuiacha ififie yenyewe. Apunguze voliumu ya gitaa hadi nusu: ovadraivu nzuri hujisafisha. Mwishowe, aache kupiga na kusikiliza kimya. Mvumo uliopo dukani utakuwapo pia kanisani.

Fundi wa mtaani aweza kusaidia

Ndani ya pedali ya distoshoni hamna miujiza. Mna kikuzaji kimoja au viwili, dayodi chache, na vipingamizi na vihifadhi umeme ambavyo vinafanana na vilivyomo kwenye redio. Distortion+ ya kampuni ya MXR, iliyopata umaarufu katika miaka ya 1970, ilitumia kikuzaji cha aina ya 741, ambacho ni miongoni mwa vipuri vya kawaida na vya bei nafuu katika elektroniki.

Kwa sababu hiyo, fundi wa redio mwenye ujuzi wa kulehemu kwa risasi anaweza kubadilisha swichi, tundu au kidhibiti kilichochakaa, na hata kuunda pedali rahisi kutoka mwanzo. Kwa vijana wanaosoma umeme katika vyuo vya ufundi, kazi hiyo ni zoezi zuri na huenda ikawa chanzo cha mapato. Pedali iliyokufa isitupwe kabla ya kufunguliwa. Mara nyingi ugonjwa ni waya mmoja uliokatika.

Sauti na majirani

Katika nyumba za kupanga zilizogawanywa kwa kuta nyembamba, mpiga gitaa hana budi kuwafikiria majirani. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira na kusimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mazingira, NEMA, huweka viwango vya chini mno kwa maeneo ya makazi, hasa nyakati za usiku. Amplifaya yenye tundu la vipokea sauti vya masikioni humwezesha mtu kufanya mazoezi bila ugomvi.

Hata hivyo, sauti iliyopangwa kwa voliumu ya chini haifai jukwaani. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kuwa sikio la binadamu husikia besi na sauti kali hafifu kuliko zile za kati pale voliumu inapokuwa chini. Mtu anayefanya mazoezi polepole chumbani huongeza besi na ukali ili kufidia. Akifika ukumbini na kupandisha voliumu, besi hugongana na gitaa la besi na ngoma, ukali huumiza, na gitaa lenyewe hupotelea ndani ya bendi. Dawa yake ni kuvipanga vidhibiti upya bendi nzima ikiwa inapiga, na kuanza kwa kuinua sauti za kati.

Mpangilio wa matumizi

Mwenye akiba ndogo aifuate ngazi hii. Aanze na nyuzi mpya na waya usiokatika, kwa kuwa hakuna pedali inayoweza kurekebisha gitaa lisilo na uhai. Kisha aichunguze amplifaya: ikiwa ni ndogo ya transista, atafute distoshoni kamili, ikiwa ni ya valvu, ovadraivu ya bei nafuu itatosha, ikiwa ni mikisa ya kanisa, akiba hiyo iende kwenye kifaa cha mseto chenye programu ya kuiga spika.

Baada ya kununua, aiache pedali kwa mwezi mmoja au zaidi kabla ya kutamani nyingine, akijaribu kila kidhibiti katika kila pembe. Si ajabu akagundua kuwa gaini ikiteremshwa hadi nusu na toni ikapunguzwa kidogo, sauti aliyokuwa akiitafuta ilikuwamo tayari.